Laptopu ya mtumba ipi inunuliwe, sasa Windows 10 imeachwa

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10, na tangu siku hiyo jambo la kwanza la kuuliza unaponunua laptopu ya mtumba si bei wala ukubwa wa diski, bali ni kwa muda gani watengenezaji wa programu wataendelea kuihudumia. Mashine iliyoachwa huwaka kama kawaida, lakini programu huihama moja baada ya nyingine, kama Chrome ilivyoihama Windows 7 mwanzoni mwa 2023, na kasoro mpya za usalama hubaki bila kuzibwa.

Chaguo langu la kwanza ni laptopu za ofisi zenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 na kuendelea, kama ThinkPad T480 na EliteBook 840 G5, kwa kuwa Windows 11 huzikataa karibu prosesa zote za Intel za kabla ya hapo. Usitosheke na jina lililo kwenye mfuniko, maana modeli hizo mbili zilitoka pia na prosesa za kizazi cha 7. Soma namba yenyewe: i5-8350U inafaa, i5-7300U haifai. Kisha, ukiwa bado dukani, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, na uhakikishe kwamba toleo linaloonyeshwa la TPM, yaani kijenzi cha usalama ambacho Windows 11 hukidai, ni 2.0. Nasisitiza hili kwa sababu mdogo wangu aliuziwa mashine ya kizazi cha 6 iliyowekewa Windows 11 kwa njia ya mkato, akaambiwa haina tatizo lolote, ilhali Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine za namna hiyo. Fedha ile ilikuwa akiba yake ya miezi mingi.

Ya pili ni MacBook Air M1 ya mwaka 2020, yenye prosesa ya Apple yenyewe badala ya Intel, imara na isiyo na feni, ila kumbukumbu yake haiongezeki baada ya kununua.

Ya tatu, kwa mwenye fedha kidogo, ni laptopu ya zamani iliyowekewa Linux Mint. Mfumo huu ni wa bure na hupata masasisho ya usalama, na LibreOffice, programu ya bure ya kazi za ofisi, hufungua nyaraka nyingi za Word, ingawa anayetegemea programu maalumu ya uhasibu ya Windows athibitishe kwanza kama itafanya kazi humo.

Ya nne ni Chromebook, laptopu inayotumia mfumo wa Google wa ChromeOS. Kila modeli ina tarehe yake ya mwisho wa masasisho, nayo haihesabiwi tangu siku uliyonunua wewe, kwa hiyo itazame kwenye mipangilio kabla ya kulipa.

Ya mwisho ni MacBook yenye prosesa ya Intel, hata ikiwa inang'aa na bei imeshuka sana. Apple ilitangaza mwezi Juni 2025 kwamba macOS Tahoe ndiyo toleo la mwisho la mfumo wake kwa mashine hizo, na nyingi kati yake hata hilo hazilipati.