Kwa Matatu hadi Msitu wa Arabuko-Sokoke na Ziwa Jilore: Uzoefu Wangu

Kwa miaka mingi niliamini, kama wanavyoamini jirani zangu wengi hapa Malindi, kwamba msitu wa Arabuko-Sokoke ni wa wageni wanaokuja na magari ya kukodi, na kwamba sisi tunaopanda matatu kazi yetu ni kuutazama dirishani tukielekea Mombasa. Mwezi uliopita niliamua kuupima ukweli wa imani hiyo. Nilifanya safari mbili, Jumamosi moja msituni na Jumamosi iliyofuata kwenye Ziwa Jilore, bila kukodi gari hata mara moja, na ninaandika ili mwenzangu mwenye nauli na viatu imara ajue yanayowezekana na mahali pa kuchukua tahadhari.

Kufika msituni ni rahisi, ila kosa nililolifanya mimi hufanywa na wengi. Niliingia matatu ya Watamu kwa sababu ndiyo iliyokuwa imekaribia kujaa, nikamwambia kondakta anishushe Gede. Matatu hiyo hukata kushoto pale Gede kwenda Watamu, ilhali kituo cha msitu kiko mbele kidogo kwenye barabara kuu ya Mombasa, upande wa kulia. Nililazimika kutembea kando ya lami huku malori yakinipita kwa kasi, jambo ambalo singependa mtu mwenye watoto alifanye. Gari linalofaa ni la Kilifi au la Mombasa, na kondakta aambiwe mapema kwamba unashuka kwenye kituo cha msitu, si Gede mjini.

Nilifika saa moja kasoro asubuhi, nikiwa na mahamri na mbaazi niliyofungiwa stendi, chupa mbili za maji na suruali ndefu kwa ajili ya kupe na siafu. Kiingilio nililipa kwa simu, na wakazi wana bei yao iliyo nafuu. Mwongoza wageni hulipwa kando, nami nasema bila kusita kwamba pesa zangu zilizotumika vizuri kuliko zote katika safari zote mbili ni zile nilizompa yeye. Msitu huu una ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 420, una tembo ndani yake, na njia zake hufanana mno machoni pa mgeni. Kuingia peke yako ni kujitakia taabu, na hata ukitoka salama utakuwa umeona miti tu.

Hatukuwa tumetembea nusu saa aliponishika mkono akaninong'oneza, "Dada, usisogee. Sikiliza majani." Nilisikia mchakarisho mwepesi, kisha ukanyamaza, kisha ukarudi. Akatokea sange, mnyama mwenye pua ndefu inayochezacheza kila upande, miguu myembamba, na kiuno chenye rangi ya dhahabu iliyong'aa kwenye kivuli kana kwamba jua limemwangukia yeye peke yake. Alichokora majani makavu akitafuta wadudu, akatutambua, akatimua mbio. Mwongoza wageni alinieleza kwamba sange hawa huishi dume na jike katika eneo lao moja, hulala katika viota vya majani wanavyovijenga chini ardhini, na kwamba ngozi ya kile kiuno cha dhahabu ni nene kuliko ya sehemu nyingine za mwili. Hawapatikani popote duniani isipokuwa katika misitu michache ya pwani ya Kenya, na huu ndio ngome yao kuu. Nimezaliwa kilomita chache kutoka hapo, na hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona.

Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba msitu huu kwa kweli ni misitu mitatu. Upande wa Gede ni msitu mchanganyiko wenye miti ya namna nyingi, ukiwemo mbambakofi, ambao mbao zake ndizo zilizochongwa milango ya nyumba nyingi za kale za Lamu na miji mingine ya Waswahili. Nilisimama chini ya mmoja nikaukumbuka mlango wa nyumba ya bibi yangu, nikaelewa kwa nini mibambakofi mikubwa imekuwa haba. Ukiendelea unakuta mchanga mweupe na miti ya mirihi iliyoachana kiasi, ambamo jua hupenya hadi chini. Juu ya mirihi hiyo hupita makundi ya kwera wa Clarke, ndege ambaye makazi yake yote yako katika Kaunti ya Kilifi, na ambaye viota vyake viligunduliwa mwaka 2013 tu, katika misitu ya Dakatcha kaskazini ya Mto Sabaki. Sisi tuliwasikia, hatukuwaona vizuri.

Sehemu ya tatu ni vichaka vinene vya miti iitwayo kitaalamu Cynometra, juu ya udongo mwekundu, na hapa ndipo usafiri wa umma unapoonyesha mipaka yake. Huko ndiko anakoishi bundi wa Sokoke, mdogo wa kutosha kukaa katika kiganja, lakini ni mbali kwa mtu anayetembea kwa miguu na kutaka kurudi mchana huohuo. Anayemtaka bundi huyo apange siku nzima na apatane na mwongoza wageni mapema kuhusu bodaboda.

Mchana nilivuka barabara nikaenda kwenye hori ya Mida, kwenye daraja la mbao linalopita juu ya mikoko. Ni matembezi mafupi na hayachoshi. Ada yake husaidia kulipia karo watoto wa shule za sekondari wanaotoka katika jamii zinazopakana na msitu na hori, na kwa sababu hiyo niliilipa kwa moyo mweupe.

Ziwa Jilore ni habari nyingine. Magari ya kwenda huko kupitia Ganda ni machache na hayaondoki mpaka yajae, hivyo nilikaa stendi karibu saa nzima. Baada ya kushuka nilitembea kati ya mashamba ya mahindi na mikorosho hadi maji yalipoonekana. Ziwa hili hutegemea mafuriko ya Sabaki: mto ukifurika linajaa, ukame ukiwa mrefu linapungua sana, kwa hiyo ni vyema kuwauliza watu wa huko hali yake kabla ya kufunga safari. Nililikuta na maji ya kutosha, yangeyange wakiwa wamejipanga ukingoni na mnandi wakianika mabawa yao. Hakuna kibanda wala kiingilio, na utulivu wake sijauona mahali pengine karibu na Malindi. Nilipotaka kushuka hadi majini kunawa mikono, mzee aliyekuwa akichunga mbuzi aliniita: "Mwanangu, hapo si pa kunawa. Mamba wa Sabaki na ziwani huja." Nilimshukuru, nikakaa naye kivulini, akanionyesha hadi wapi maji yalifika mvua za El Niño za mwaka 1997 ziliponyesha.

Mazungumzo hayo matamu ndiyo yaliyonichelewesha. Nilifika barabarani saa kumi na moja jioni na sikuona matatu mpaka giza lilipoanza kuingia, na lililokuja lilikuwa limeshona watu, na kondakta wake akanidai nauli mara mbili kwa sababu alijua sina njia nyingine. Nililipa. Lilinikera, kwa maana ni njia hiyohiyo na gari ni lilelile wanalopanda akina mama wa Jilore wanaorudi na mizigo yao.

Kwa hiyo msitu ninaupendekeza kwa yeyote, hata mwenye watoto wa kuanzia miaka minane hivi, hasa katika miezi ya kiangazi kabla ya masika. Ziwa ninalipendekeza kwa watu wawili au zaidi, watakaoondoka Malindi kwa gari la kwanza, wawe na namba ya bodaboda wa hapo Jilore, na wawe wamesimama barabarani kabla ya saa tisa alasiri.