Pasi ya Interrail na watoto wawili mwezi Desemba: inapolipa na inapokula hela

Niliyotumia ni Global Pass, pasi ya treni ya nchi nyingi za Ulaya, ya siku 7 za kusafiri ndani ya mwezi mmoja: watu wazima wawili, mtoto wa miaka 3 na wa miaka 7, njia ya München (Munich), Salzburg, Wien (Vienna) hadi Zürich. Naipa alama 4 kati ya 5. Ile moja niliyokata inahusu viti.

Kwanza majina, maana hapa wengi hununua kisicho chao. Anayeishi Ulaya, awe Leicester au Oslo, hununua Interrail. Anayetoka Dar es Salaam au Nairobi hununua Eurail. Kazi ni ileile, ila mwenye Interrail akiwa ndani ya nchi anayoishi ana safari mbili tu: ya kutoka na ya kurudi. Mkaazi wa Ujerumani asiinunue kwa ajili ya kuzunguka Ujerumani.

Mtoto wa chini ya miaka 4 hahitaji pasi. Wa miaka 4 hadi 11 hupewa pasi ya mtoto bila malipo, watoto wawili kwa kila mtu mzima, na lazima iingie kwenye oda moja na pasi ya mtu mzima. Umri unaoangaliwa ni wa siku pasi inapoanza kutumika. Inasikika kama zawadi nono, lakini piga hesabu kwanza: Ujerumani, Austria na Uswisi, aliye chini ya miaka 6 anapanda bure hata kwa tiketi ya kawaida. Faida yenyewe iko kwa wa miaka 6 hadi 11 huko Austria na Uswisi, na inaonekana zaidi Uswisi ambako nauli inauma. Kama una safari mbili au tatu tu na tarehe hazibadiliki, tafuta mapema tiketi za bei nafuu: Sparpreis ya Ujerumani na Sparschiene ya Austria. Mara nyingi zinaishinda pasi.

Sasa viti. Pasi ni nauli, haikupi kiti. Katika nchi hizo tatu treni nyingi za mchana hazilazimishi kukata kiti, ndiyo maana watu hawakati, kisha tarehe 20 hadi 23 Desemba wanasimama kwenye korido na mtoto begani. Kata viti, na mkatie pia yule wa miaka 3: anasafiri bure lakini hana haki ya kiti. Ukipeleka safari Ufaransa au Italia hesabu inabadilika, kwa sababu treni zao za kasi zinalazimisha kiti cha kulipia kwa kila kichwa, mwenye pasi ya bure akiwemo, na kwenye TGV, treni ya kasi ya Ufaransa, nafasi za wenye pasi zina kikomo. Hapo familia ya watu wanne inaweza kulipia viti zaidi kuliko ilivyotarajia.

Kwenye ICE, treni ya kasi ya Ujerumani, tafuta Kleinkindabteil wakati wa kukata kiti. Ni chumba kilichofungwa kwa ajili ya wenye watoto wadogo, kina nafasi ya kigari cha mtoto, na kelele zinabaki ndani. Vyumba hivyo ni vichache kwa treni, kwa hiyo usisubiri. Treni nyingi za kasi za Austria, ziitwazo Railjet, zina sinema ndogo ya watoto kwenye eneo la familia. Lakini mshindi wangu ni Uswisi: treni za ghorofa za IC2000 zina behewa la familia, juu kuna uwanja wa kuchezea wenye sehemu ya kuteleza, na hulipi zaidi.

Kosa la kawaida ni muda wa kubadilisha treni. Programu ya simu ya ratiba inaweza kukupangia dakika 8. Ukiwa na kigari, lifti ya jukwaa inabeba kigari kimoja au viwili kwa zamu, na foleni ipo. Stesheni kuu ya Zürich (Zürich HB) ina majukwaa ya chini ya ardhi (31 hadi 34 na 41 hadi 44), na kutoka ukumbi wa juu kufika huko ni mwendo. Mimi sikubali chini ya dakika 30 za kubadilisha treni. Jambo jingine: Ujerumani treni huweza kuingia mabehewa yamegeuzwa, lako la mwisho likawa la kwanza. Simameni katikati ya jukwaa, msikilize tangazo, mizigo ikiwa tayari mkononi.

Treni ya usiku ya Nightjet, Wien hadi Zürich, inakuokolea siku ya pasi: mkipanda kabla ya saa sita usiku na msibadilishe treni, inahesabiwa siku ya kuondoka tu. Kitanda kinalipiwa kando. Chumba cha kocheti (vitanda vya kupangana) cha watu sita kina vitanda vitatu kila upande. Chukueni chumba kizima ikiwezekana, watoto walale chini.

Pasi inakaa kwenye programu ya Rail Planner. Pasi za familia nzima zinaweza kuwekwa kwenye simu moja, ila pasi moja haikai kwenye simu mbili. Kwa hiyo baba akienda behewa la chakula na simu, mkaguzi akija mama hana cha kuonyesha. Gawaneni. Simu iingie intaneti walau mara moja kila siku 3, na kila siku ya safari ianzishwe kwenye programu kabla ya kupanda.

Mavazi: jukwaani ni baridi kali, ndani ya behewa ni joto. Mtoto aliyefungwa ovaroli nene anatoka jasho, akishuka jasho linamgandia. Mvalishe tabaka tatu nyembamba zinazovulika haraka, na kifuniko cha plastiki cha kigari kiondolewe mkishapanda.

Wanaotoka Afrika Mashariki: visa ya Schengen ni euro 90 kwa mtu mzima, 45 kwa wa miaka 6 hadi 11, bure kwa walio chini ya hapo. Maombi hupokelewa hadi miezi 6 kabla. Kwa Desemba, usingoje Novemba. Mzazi mmoja akibaki nyumbani, beba barua yake ya ridhaa.

Tarehe 24 maduka ya Ujerumani na Austria hufungwa mchana, 25 na 26 ni sikukuu. Yanayobaki wazi ni ya ndani ya stesheni kubwa, na bei zake unazijua. Nepi na maziwa nunua tarehe 23.