Foldit: gemu ya kukunja protini, nimeicheza miezi miwili

Ukiifungua mara ya kwanza unakuta kitu kama utepe umejikunjakunja kwenye skrini, na kazi yako ni kuukunja vizuri zaidi mpaka pointi zipande, basi. Ule utepe ni protini, na umbo lake ndo linaloamua itafanya kazi gani mwilini. Gemu imetoka Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle tangu 2008, ni bure kabisa, inaingia kwenye Windows, Mac na Linux, kwa hiyo laptopu lazima. Mimi nacheza usiku bando la usiku likishaanza.

Mazoezi ya mwanzo yametulia sana. Wanakufundisha kwamba vipande vya rangi ya chungwa vinakimbia maji so uvifiche ndani, vya bluu vikae nje, vitu vikigongana panatokea miba myekundu, na kuna raba za kuvutia sehemu unayotaka isogee. Halafu kuna kitufe cha Wiggle, ukikibonyeza kompyuta yenyewe inatikisa umbo zima inatafuta pointi, na hapo ndo utamu ulipo, maana pointi zinapanda zinapanda zinafika mahali zinagoma.

Kuna fumbo lilinigomea siku tatu aisee. Nikasema ngoja nipangue, nikafunga raba kwenye mkia nikauvuta mpaka upande wa pili, pointi zikaporomoka vibaya sana, nikawa nataka kurudisha ila nikajikaza nikaendelea kupanga kidogo kidogo, usiku wa manane nikabonyeza Wiggle tena ikapanda mpaka ikapita pale ilipokuwa imegoma. Nilifurahi mno! Baadaye nikaja kusoma ripoti yao ya 2010 kwenye jarida la Nature, kumbe wachezaji walikuwa wanaipita programu ya kompyuta kwenye mafumbo ya namna hiyohiyo, yale ambayo lazima ubomoe sana ndo upate. Mtu anakubali kupoteza kwanza kwa sababu anaona mbele kuna kitu.

Kinachonifanya niipende zaidi ni resipi. Ukigundua mbinu yako unaiandika iwe kama programu ndogo, unawapa wenzako, wao wanairekebisha wanaipitisha kwa wengine. Watafiti wakazifuatilia, zikawa zaidi ya 5,000 ndani ya miezi michache, na moja inayoitwa Blue Fuse ikakutwa inafanana sana na mbinu mpya ambayo wanasayansi wenyewe walikuwa wameitengeneza maabara ila hawajaitangaza bado. Yaani watu wa kawaida, wengi hawajasomea hata hiyo baiolojia, wamefika palepale kwa kuchezacheza na kupeana mawazo. Hapo wanasayansi wanapata kuona kabisa binadamu anatatuaje tatizo, hatua kwa hatua, na mbinu inavyobadilika ikitoka mkono huu kwenda mkono ule.

Na matokeo yapo. 2011 wachezaji walipewa kimeng'enya (enzaimu) cha kirusi cha nyani, ndugu wa kile cha VVU, wataalamu walikuwa wamekwama nacho zaidi ya miaka 10, ndani ya wiki 3 wakatoa umbo zuri la kutosha wataalamu kumalizia.

Sasa kasoro. Ukimaliza mazoezi ukaingia mafumbo yenyewe unahisi umeachwa peke yako, vitufe vingi, maelezo machache, na mimi nimeicheza yote kwa Kiingereza cha kitaalamu ambacho mdogo wangu wa kidato cha pili alishindwa kufuata japo mikono yake ni myepesi kuliko yangu. Laptopu ya zamani inapata moto. Wengine watakwambia AlphaFold, ile programu ya akili bandia inayotabiri maumbo ya protini, imeshamaliza hii kazi, sawa, kwenye kutabiri maumbo imeenda mbali sana, ila Foldit sasa hivi unabuni pia protini mpya ambazo hazijawahi kuwepo: kwenye utafiti uliotoka 2019 walijaribu maabarani protini 146 zilizobuniwa na wachezaji na 56 zikajikunja zikatulia vizuri.

Nyota 4 kati ya 5, ile moja nimeibakiza kwa ajili ya lugha. Ukianza usiruke mazoezi ya raba, na ukishazoea ingia kwenye kikundi mapema, mimi nilichelewa na nilichojifunza kwa wenzangu wiki moja kinazidi mwezi mzima niliokaa peke yangu.