Kifurushi cha malighafi za sabuni ya maji, lita 20: vitu ni vizuri, maelekezo yatakuharibia

Maduka ya kemikali, ya Kariakoo na ya miji mingine, huuza malighafi za sabuni ya maji zikiwa zimeshapimwa. Hiki tunachokipitia kina salfoniki (asidi inayogeuka kuwa sabuni) kilo 1, slesi (sabuni nzito ya kutoa povu; Kenya huiita ungarol) nusu kilo, kostiki soda gramu 150, chumvi nusu kilo, CMC (unga wa kuongeza uzito) gramu 100, gliserini, manukato, rangi na kichupa cha formalini ya kuzuia sabuni isioze. Kwa lita 20, hapo unapata sabuni halisi ya karibu asilimia 7, kiasi kinachotosha kabisa kuosha vyombo. Nunua. Ila karatasi ya maelekezo iweke kando, maana inakwambia umimine kila kitu, tena chote.

Kosa kubwa liko kwenye kostiki. Kilo 1 ya salfoniki ya asilimia 96 inahitaji takribani gramu 120 tu za kostiki ili asidi yote iishe. Ukitia zote 150, zile 30 zinazobaki zinatosha kupandisha pH (kipimo cha asidi na ukali wa kostiki; 7 ni katikati) ya ndoo nzima hadi kupita 12, na sabuni hiyo itamchuna mtumiaji mikono. Kwa hiyo tia salfoniki kwenye lita 10 za maji, ndani ya ndoo ya plastiki, ukoroge hadi ichanganyike. Pembeni, nyunyiza gramu zote 150 za kostiki kwenye lita 1 ya maji baridi; myeyusho huo hutautumia wote. Usimimine maji juu ya kostiki: joto hutoka kwa ghafla na maji hukurukia usoni. Vaa glavu na miwani, na usitumie sufuria ya alumini kwa sababu kostiki huila. Myeyusho ukipoa, uongeze kidogo kidogo kwenye ndoo. Ukishatia kama mililita 800, anza kupima kwa karatasi ya pH. Ikisoma 7 hadi 8, acha. Karatasi za pH hazimo kwenye kifurushi, na hilo ni pungufu lisilo na udhuru.

CMC ikimwagwa moja kwa moja majini hufanya mabonge. Punje za nje hunyonya maji, huvimba na kuwa ute, na ute huo huziba njia ya maji kufika kwenye unga ulio ndani. Ukoroge hadi jioni, mabonge yatakuwepo. Ivuruge kwanza kwenye gliserini: inalowesha punje bila kuzivimbisha, kwa hiyo zinaachana kabla hazijakutana na maji. Itie kabla ya chumvi, kwa kuwa chumvi huizuia isivimbe vizuri.

Slesi nayo ina tabia inayowashangaza wengi: ukiiongezea maji kidogo inakuwa ngumu zaidi. Ikiwa nzito ya asilimia 70, molekuli zake zimekaa kwa matabaka yanayoteleza. Maji machache huzipanga upya ziwe vijiti vilivyobanana, na hapo mwiko unakwama. Ipeleke slesi kwenye maji mengi, fungu kwa fungu. Wanaoisugua kwanza kwa konzi ya chumvi hadi iwe nyeupe nao hufanikiwa, mradi chumvi hiyo wameitoa kwenye ile iliyopimwa. Manukato ni mafuta, kwa hiyo yachanganye na vijiko vichache vya slesi kabla ya kuyatia, la sivyo yataelea juu. Subiri mchanganyiko upoe. Kwenye joto harufu hupotea hewani.

Chumvi ndiyo inayofanya sabuni iwe nzito. Molekuli ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia, na molekuli hizo hujikusanya mikia ikiwa ndani. Vichwa vina chaji zinazosukumana. Chumvi hupunguza msukumano huo, mikusanyiko hurefuka na kusukana kama tambi. Lakini kuna kilele: ukikipita, sabuni inarudi kuwa nyepesi, inapata ukungu, mwisho inajitenga. Yeyusha chumvi yote kwenye lita 1 ya maji, tia robo tatu, kisha jaribu kwenye kikombe kabla ya kuongeza. Ikishapita kilele, ongeza maji au slesi. Kwa maji ya kisima cha Pwani yenye chumvi, anzia nusu. Na kama kisima kina maji magumu, kalsiamu hushikana na salfoniki na sabuni inachafuka. Slesi huvumilia zaidi, kwa hiyo ongeza nusu kilo nyingine.

Formalini irudishe dukani. Inasababisha saratani na mvuke wake unaunguza macho. Baadhi ya wauzaji hutoa benzoeti ya sodiamu badala yake, lakini hiyo inahitaji pH chini ya 5, na kwenye sabuni yenye pH 7 haifanyi kitu cha maana. Omba fenoksiethanoli. Ukiikosa, tumia maji yaliyochemshwa na utengeneze kiasi kitakachoisha haraka.