Kisu cha kombora kutoka Kinmen: makali nyota tano, mpini nyota mbili

Nianze na jikoni, maana kisu ni kisu. Hiki kinakata kweli. Nyama ya mbuzi na mishipa yake, paja la kuku, boga lenye ganda gumu, vyote vinakubali. Ni kile kisu kipana cha Kichina, kizito upande wa mbele, na kwa ubapa wake naponda tangawizi na kitunguu saumu bila kutafuta kinu. Tatizo ni kutu. Ukikiosha ukakisahau kwenye beseni hata nusu saa, unakikuta na madoa ya kahawia, kwa hiyo kifute papo hapo na ukipake mafuta ya kupikia. Mpini nao ulianza kucheza mwezi wa nne, nikaupeleka kwa seremala akaupigilia upya. Kwa dola 1,500 za Taiwan nilitegemea mpini uliotulia.

Ila sikukinunua kwa ajili ya makali. Nilikinunua kwa sababu chuma chake ni ganda la kombora.

Kinmen ni kisiwa kilichokaa mlangoni kabisa mwa jiji la Xiamen, China bara, lakini kinatawaliwa na Taipei, mji mkuu wa Taiwan. Oktoba 1949 jeshi la Wakomunisti lilijaribu kushuka ufukweni Guningtou, likashindwa, na mpaka ukabaki hapo majini hadi leo. Mimi nilikuwa nasoma Xiamen. Boti inaondoka gati ya Wutong, nusu saa hivi uko Shuitou. Angalizo kwa mtakaofuata njia hiyo: ukipanda boti umetoka China, wanakugongea muhuri. Kama viza yako ni ya kuingia mara moja, umeimaliza, na masanduku yako yako bwenini ng'ambo. Mwenzangu mmoja aliligundua hilo akiwa tayari kwenye foleni.

Mlangoni mwa karakana makombora yamesimama kama mitungi, yana kutu, mengine midomo imechanika. Mhunzi anakata kipande kwa moto wa gesi, anakitia tanurini mpaka kinakuwa chekundu, anakiweka chini ya nyundo ya mashine, na kabla hujachoka kutazama umbo la kisu limeshajitokeza. Wanasema ganda moja hutoa visu hadi sitini.

Malighafi si ya kuisha leo wala kesho. Tarehe 23 Agosti 1958 mizinga ya bara ilianza kukipiga kisiwa, na katika siku 44 yakaanguka makombora zaidi ya 470,000. Baadaye mapigo yakawa ya zamu: tarehe witiri bara inapiga, tarehe shufwa inapumzika. Mengi ya hayo ya baadaye yalijazwa vipeperushi badala ya baruti, kwa hiyo ganda lilianguka likiwa zima. Wahunzi hupenda zaidi hayo. Mchezo huo uliendelea mpaka 1 Januari 1979, siku Marekani na Beijing zilipofungua uhusiano wa kibalozi.

Jambo moja nililikumbuka nikiwa nimesimama pale kwenye joto la tanuri. Agosti hiyo hiyo ya 1958 viongozi wa bara walikutana Beidaihe wakaamua kuongeza uzalishaji wa chuma cha pua maradufu, ufike tani milioni 10.7 mwaka ule ule. Ilikuwa kampeni ya Mruko Mkubwa. Watu wakajenga vitanuru uani, wakayeyusha masufuria yao wenyewe, na kilichotoka kikawa mabonge yasiyofaa hata kutengenezea msumari. Mashamba yakakosa wavunaji, njaa ikafuata, ikaua mamilioni kwa mamilioni. Yaani sufuria za bara ziligeuzwa takataka, na chuma kizuri kikarushwa ng'ambo ya maji kikawa visu vya jikoni. Jambo kama hilo ukilibuni kwenye hadithi, msomaji atasema umezidisha.

Mwenye duka alikuwa mama mtu mzima, nikamwita ayi, kama tulivyowaita Xiamen wanawake wa rika la mama zetu. Nilimuuliza swali la mwanafunzi: ilikuwaje kuishi upande wa demokrasia huku Wakomunisti wanawapiga? Alicheka sana. Akanieleza kwamba utotoni mwake mpira wa kikapu ulikuwa kitu cha kuandikishwa serikalini, kwa hofu kwamba mtu angeukumbatia na kuogelea hadi upande wa pili. Usiku taa zilifunikwa. Kusafiri kwenda Taiwan yenyewe kulihitaji kibali, na hata noti zilikuwa za kutumika Kinmen tu. Taiwan iliondolewa sheria ya kijeshi tarehe 15 Julai 1987, baada ya miaka 38. Kinmen ilisubiri hadi Novemba 1992.

Hapo ndipo picha niliyokuwa nayo kichwani ilipovunjika. Tumezoea kusema China iligawanyika mwaka 1949, huku ukomunisti, kule demokrasia. Hapana. Iligawanyika kati ya vyama viwili visivyotaka mpinzani, na Kuomintang, chama kilichotawala Taiwan, chenyewe kilipangwa upya mwaka 1924 kwa mfano wa chama cha Lenin, kikisaidiwa na washauri wa Kisovieti. Mwaka 1959 waziri wa ulinzi wa bara, Peng Dehuai, alimwandikia Mao barua ya kuukosoa Mruko Mkubwa, akapoteza uwaziri. Mwaka uliofuata, Taipei, mhariri Lei Chen alishirikiana na wenzake kuunda chama cha upinzani. Serikali ya Chiang Kai-shek ikamfunga miaka kumi. Ziba majina kwa kidole, uniambie ipi ni ipi.

Serikali hizo mbili zimeachana njia baadaye, na bado najiuliza ingekuwaje kama watu wachache wangeogopa. Septemba 1986 wapinzani walikusanyika hotelini Taipei wakatangaza chama cha DPP huku sheria ikikataza, na Chiang Ching-kuo, mwana wa Chiang na rais wa wakati huo, akaamua kutowakamata. Mwaka 1996 wananchi wakamchagua rais moja kwa moja kwa mara ya kwanza. Mwaka 2000 Kuomintang ikashindwa na ikaondoka Ikulu. Bara, waliodai mageuzi mwaka 1989 walikutana na vifaru. Machi 2018 bunge la Beijing lilifuta ukomo wa mihula ya rais: 2,958 ndiyo, 2 hapana, 3 hawakuunga mkono upande wowote. Hao wawili huwa nawafikiria.

Safari yangu iliangukia kwenye uchaguzi wa 13 Januari 2024. Kisu nilikinunua Ijumaa; Jumamosi saa kumi jioni vituo vilipofungwa, ayi alinipeleka shuleni kutazama hesabu. Yeyote anaruhusiwa kusimama na kutazama. Afisa anatoa karatasi moja, anaiinua juu ili wote waione, anatamka namba kwa sauti, na mwenzake anachora mstari kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, akijenga ile herufi ya Kichina yenye mistari mitano. Namba tatu, kura moja. Namba tatu, kura moja. Namba mbili. Namba tatu. Inachosha kama kuchambua mchele, na sikutaka kuondoka.

Namba tatu alikuwa Hou Yu-ih wa Kuomintang. Kinmen ilimpa kura nyingi, ingawa nchi nzima alishinda Lai Ching-te wa DPP kwa asilimia 40 hivi. Naam, walichagua chama kile kile kilichowaandikisha mipira, na ambacho leo ndicho kinachoelewana zaidi na Beijing. Nilimuuliza ayi sababu. Akasema watalii wa bara ndio waliokuwa wanunuzi wake wakubwa wa visu.

Wala sitasema Xiamen ni gereza. Nimeishi pale nikaipenda. Jiji limejengeka tangu lifanywe eneo maalumu la uchumi mwaka 1980, treni zinakimbia kwa dakika zake, na usiku nilitembea peke yangu bila wasiwasi. Kinmen nilisubiri basi mpaka miguu ikaniuma. Lakini laini niliyoinunua Shuitou ilinifungulia mitandao yote bila ujanja wowote, na magazeti ya pale yalimtukana rais ukurasa wa kwanza. Nilipomsimulia mwenzangu wa bwenini ile hesabu ya kura, alitazama mlango kwanza, ndipo akaniuliza karatasi zilikuwa na ukubwa gani.

Turudi kwenye kisu. Kinapotoka motoni huzimwa kwenye maji, na tangu Agosti 2018 Kinmen inapokea maji kutoka Fujian kwa bomba lililopita chini ya bahari. Chuma cha bara, maji ya bara. Niliagana na ayi akanipa kipande cha jiwe la kunolea bure, na hilo jiwe ni bora kuliko mpini.

Ukinunua, chagua chenye mpini uliopigwa misumari mitatu, si miwili kama changu. Ukirudi kwa ndege, kiweke kwenye sanduku la kupakia, kimefungwa gazeti na gundi ya karatasi. Changu kilisafiri kimefungwa gazeti la Jumapili ile, lenye matokeo, na wino wake umeacha alama za herufi kwenye ubapa ambazo mpaka leo hazijatoka zote.