PuzzleScript: ghala la kahawa ndani ya brauza, na jinsi nilivyowatesa wana wa kijiweni

Naanza na maksi kabisa ili asiye na muda apite zake: PuzzleScript, kitu cha kutengenezea magemu ya mafumbo, naipa nne na nusu kwa tano. Ile nusu nimeikata kwa sababu nitakazozisema huko mbele, na moja wapo ni ujinga wangu mwenyewe so sio haki sana, ila ndo hivyo.

Mimi nina kibanda cha kuprinti na kutoa kopi hapa Moshi maeneo ya Mbuyuni, na ikifika mwezi wa nne masika yamekolea wateja wanakata kabisa, watu wanasimama mlangoni kujikinga mvua tu wakiniangalia kama mimi ndo nimeileta. Laptopu yangu ya kizamani, ram nne, feni inalia kama mashine ya kusaga, so magemu mazito nilishakubali kwamba yana wenyewe. Kitu ninachokipenda sasa sio hata kucheza, ni kutengeneza levo, yaani zile hatua za gemu. Nilikuwa naangalia video za watu wanajenga vyumba vyao kwenye gemu la Portal 2, kile kijenzi walichokiongeza 2012, roho inaniuma. Halafu ipo Baba Is You ya yule jamaa wa Finland, Arvi Teikari, nayo tangu 2021 ina sehemu ya kujenga levo, ukimaliza unaipandisha unapewa kodi fupi ya herufi na namba unamtumia mwenzako anaicheza kwake. Tamu sana. Ila gemu lenyewe la kununua, na mimi wanangu wa kijiweni nawajua, hakuna hata mmoja atanunua gemu ili acheze levo yangu, tuongee ukweli.

Ndo nikaangukia PuzzleScript. Ni ya bure, ameitengeneza mtu anaitwa Stephen Lavelle mwaka 2013, hakuna kuinstoo chochote, unaifungulia kwenye brauza, kushoto unaandika kulia unacheza. Laptopu yangu inaibeba bila hata feni kuanza kupiga kelele, nikajua hapa nimefika.

Mfano wa kwanza kabisa ukifungua ni ule mchezo wa kusukuma maboksi. Kama ulimiliki simu ya batani huenda ulishakutana nao, Sokoban, Mjapani Hiroyuki Imabayashi aliutengeneza 1981 ukaingia sokoni 1982, na jina maana yake mtunza ghala. Sheria yake fupi kuliko zote: unasukuma, huvuti. Boksi likigota ukutani ndo basi, hulitoi tena pale, utaliteleza tu kandokando ya huo ukuta, na likiingia kona hilo umelizika.

Sasa sisi watu wa Moshi ukitutajia ghala tunajua ni la kahawa, so kitu cha kwanza nilichofanya ni kufuta boksi. Kila kitu humu kinachorwa kwa vitone, 5 kwa 5, unaandika namba za rangi mistari mitano na penye nukta panabaki wazi. Boksi lao ni mraba wa rangi ya chungwa ulio tupu katikati. Nikabadilisha rangi ikawa kahawia, nikajaza katikati, nikakata zile kona nne, aisee likatokea gunia, gunia kabisa, nikalikodolea macho kama mtoto. Mbebaji nikamvisha kofia lakini vitone 25 ni vichache jamani, mpaka leo wananiambia anafanana na jiko la mkaa.

Levo nayo unaichora kwa herufi za kibodi hivyo hivyo. Hii ndo levo yangu ya kwanza niliyoridhika nayo, alama ya reli ni ukuta, P ni mbebaji, nyota ni gunia, O ni pa kuliweka:

########
#...#..#
#.O.*..#
#...#..#
#.P....#
########

Iangalie vizuri. Gunia limekaa mlangoni katikati ya vyumba viwili, na wewe uko chumba cha kushoto, na pa kuliweka pia ni kushoto. Kila mtu, nasema kila mtu, anapanda pale anafika mlangoni anasukuma. Gunia linaingia chumba cha kulia. Sukuma tena limegota ukuta wa mwisho, na pale ndo kwisha habari yake. Kumbe ilitakiwa uliache, upite kwa chini uzunguke, ulisukume kutokea ndani kuja kwako. Hatua chache tu. Ila nilijifunza kitu hapo, levo haiwi ngumu kwa kujaza magunia ishirini, inakuwa ngumu pale mkono wa mtu unapotaka kufanya kitu kabla kichwa hakijafika.

Kama kuandika herufi kunakuchosha kuna njia nyingine, ukiwa unacheza bonyeza E unachora kwa mausi moja kwa moja, ukuta hapa gunia pale. Mimi nimezoea herufi, naziona haraka zaidi. Na kabla ya kila levo unaweza kuweka ujumbe, nimeweka wa Kiswahili, "Bosi amesema magunia yawe ndani kabla ya mvua", na unatokea vizuri tu.

Sasa kuwapa watu. Hapa ndo pananifanya niisifie hii kitu kwa moyo wote. Njia ya kwanza ni linki, unatakiwa uwe na akaunti ya GitHub (tovuti ya kuhifadhia maandishi ya programu), levo inakaa huko, unamtumia mtu linki anacheza, na pale chini akitaka anafungua maandishi yote ya gemu lako anayabadilisha anatengeneza la kwake. Nzuri kwa wenye bando. Njia ya pili, na kwangu mimi ndo baba lao, kuna kitufe kinakutolea gemu zima likiwa faili moja la HTML. Moja! Ndogo kuliko video yoyote ya harusi mnayorushiana kwenye magrupu. Ukishakuwa nalo kwenye simu halihitaji intaneti tena, unafungua na brauza, unatelezesha kidole mbebaji anatembea. Nikamrushia mwana mmoja wa bodaboda pale kijiweni kwa WhatsApp, yeye akawagawia wenzie kwa Bluetooth, simu moja ikawa inauliza ifungue na nini nikasema chagua Chrome, basi nusu saa haijaisha boda wanne wameinamia simu hata abiria akija anajibiwa "subiri bro nipo ghalani".

Wote wanne walisukuma mlangoni, wote. Wa kwanza akagotesha, wa pili akasema mwenzake hajui akagotesha, wa tatu vile vile. Wa nne alikuwa kimya anawachungulia, akashika simu akazunguka kwa chini akamaliza, halafu akawasha pikipiki akaondoka bila kuongea neno. Hiyo kitu niliiona kwa macho nikiwa na kikombe cha chai mkononi nikasema hapa kazi imekubali.

Wakataka ngumu zaidi. Nikakaa usiku nikajenga ghala la maana, vyumba vitatu na ukorido mwembamba, nikawapa asubuhi. Mchana kimya. Jioni meseji, "mwana hii kitu haiwezekani". Nikawajibu kwa dharau kabisa, tumieni akili, levo zangu zinataka vichwa. Saa tatu usiku ikaja nyingine, imepigwa picha, wamechora levo nzima kwenye karatasi ya kopi (karatasi zangu mwenyewe hizo) na wameweka mishale. Nikacheka nikalala. Asubuhi nafungua niwaonyeshe njia, nacheza mwenyewe, nahesabu, pa kuweka magunia ni patatu. Magunia mawili.

Mawili!

Sharti la ushindi linasema kila alama iwe na gunia juu yake, so hata waje na forklift haitoki. Na PuzzleScript haikwambii. Yenyewe inachoangalia ni kama umeandika sawasawa, kwa mfano mistari ya levo ikiwa na urefu tofauti inakufokea hapo hapo, ila levo yako kama inamalizika au haimaliziki hilo ni juu yako, na kusema haki hata kompyuta kazi hiyo kwao ni nzito, mwaka 1997 mtaalamu wa kompyuta Joseph Culberson alionyesha kwamba Sokoban iko kwenye kundi la mafumbo magumu kabisa kuyatatua kwa mashine. Hiyo elimu niliitafuta baadaye ili nijitetee kijiweni. Haikunisaidia, nikanunua supu ya watu wanne.

Tangu siku hiyo nina sheria moja tu, levo haitoki kibandani kabla sijaimaliza mwenyewe mara mbili. Kule Baba Is You ukitaka kupandisha levo wanakulazimisha uimalize kwanza, nilikuwa naona usumbufu, sasa nawaelewa sana.

Tuje kwenye ile nusu maksi. Moja, maneno yote ya amri ni ya Kiingereza na makosa yanaandikwa Kiingereza, kwa mtu ambaye hajazoea itamtisha mwanzoni, ingawa sheria ya kusukuma ni mstari mmoja tu na ukishauelewa huo mingine inafunguka yenyewe. Mbili, kutengenezea kwenye simu ni mateso, kucheza sawa ila kuandika tafuta kompyuta hata ya kuazima. Tatu ndo huo ujinga wangu. Ukibonyeza kuseivu kazi yako inakaa ndani ya brauza ya hiyo hiyo kompyuta, haiendi popote. Mimi laptopu ikawa nzito nikaamua kuisafisha, nikafuta historia na makorokoro yote ya brauza, nikajisifu imekuwa nyepesi. Ilikuwa nyepesi kweli maana levo zangu kumi na moja zilienda nazo. Zilizopona ni zile nilizokuwa nimeshawatumia wana, nikapita kijiweni naomba nirudishiwe mafaili yangu mwenyewe kama mdaiwa. Sasa hivi kila nikimaliza kuandika nakopi maandishi yote napesti kwenye faili la kawaida, natupia kwenye flashi. Umeme ukikatika nao siku hizi sishtuki.

Wapo watakaosema michoro ya vitone 25 mtu mzima anaichezaje. Sina la kuwaambia, kila mtu na ladha yake, wengine hata mtori hawali.

Kitu ambacho sikukitegemea ni dogo, mtoto wa dada yangu, yuko form two, likizo alikuja kunisaidia kibandani. Nilimwonyesha pa kubadilishia tu nikamwacha ahangaike. Jioni nakuta ameondoa magunia ameweka mikungu ya ndizi, ukuta ameupaka kijani eti ndo kihamba (shamba la ukoo) cha babu, na ameongeza sheria yake mwenyewe ya mstari mmoja, ng'ombe naye ukisogea anasogea, ukimbana na mkungu kwenye njia nyembamba njia imezibwa hupiti. Hakuniuliza kitu hata kimoja. Akanitumia faili kwa WhatsApp tukiwa tumekaa meza moja, "mjomba hiyo, levo zangu zinataka vichwa".

Maneno yangu hayo. Sijui nani alimwonyesha ile meseji.

Leo siku ya tatu nipo levo yake ya pili na ng'ombe amenifungia pembeni ya zizi. Mikungu nimeshaihesabu, iko sawa na alama, minne kwa minne, nimehesabu mara tatu.