Kozi fupi ya umeme wa jua Jinja: ufundi upo, kibali bado
Kwa wiki 8 nilihudhuria kozi fupi ya ufungaji wa umeme wa jua katika chuo kimoja cha ufundi pembezoni mwa Jinja, Uganda, nikalipa ada ya shilingi 480,000 na nyingine 60,000 za vifaa ambazo hazikutajwa kwenye tangazo.

Mafunzo ya vitendo ndiyo yanayostahili sifa. Mkufunzi wetu, fundi mkongwe aliyechanganya Kiswahili na Kiganda kadiri somo lilivyodai, alitufungisha taa zenye kuvuta ampea 5 mwishoni mwa waya wa milimita za mraba 1.5 uliokwenda mita 20, kisha akatupatia kipima volti tupime wenyewe: kwenye betri tulisoma volti 12.5, kwenye taa kama 10 tu. Tulipoweka waya mnene zaidi, wa milimita za mraba 6, karibu volti 12 zilifika. Tangu siku hiyo silaumu betri kabla sijakagua waya. Tulijifunza pia kuunganisha betri kwenye kidhibiti chaji, yaani kifaa kinachosimamia uchaji wa betri, kabla ya paneli, na kuilaza paneli kwa mwinamo kidogo, ijapokuwa tuko karibu na Ikweta ambako jua hupita karibu na utosi, ili mvua ioshe vumbi.

Nadharia haikupangwa vizuri. Siku 2 nzima zilikwisha kwa mabwawa ya kuzalisha umeme, Bujagali na megawati zake 250 na Karuma na 600 zake. Ni mambo mazuri kuyajua, lakini anayekwenda kufunga paneli juu ya bati la duka kule Kamuli anahitaji zaidi kujua kumwandikia mteja makadirio ya gharama, somo lililopewa saa moja.

Lililoniudhi ni jingine. Tangazo liliahidi kwamba mhitimu angeanza kujitegemea mara moja, ilhali ni katika wiki ya mwisho tu tulipoelezwa kwamba cheti cha chuo si kibali, na kwamba fundi wa nyaya za umeme nchini Uganda hutakiwa kuomba kibali, ambacho kina madaraja yake, kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme.

Kwa anayefanya kazi tayari chini ya fundi mwenye kibali, ada hiyo ni halali ya chuo. Anayetaka kujitegemea aulize ofisini, kabla ya kulipa, cheti hicho kitamsaidia kuomba daraja lipi, na jibu alipate kwa maandishi.